Nintendo Switch 2: mashine nimeipenda, kadi zake ndizo za kuzungumza

Habari zenu ndugu watazamaji, karibuni sana. Leo mezani ninayo Nintendo Switch 2, mashine ya gemu unayocheza mkononi au kwenye televisheni, na swali mnaloniandikia kila siku ni hilo hilo: tununue au tuache? Jibu ninalo, ila nitafika kwa kuzunguka kidogo. Mashine hii imeingia sokoni katikati ya vurugu za siasa na biashara, na mtu akikuchambulia kioo na betri peke yake, bado hajakwambia unachokwenda kulipia.

Haya, tuanze na mashine yenyewe. Imetoka Juni 5, 2025. Kioo chake ni cha inchi 7.9, ubora ni 1080p, na picha zinaweza kufika 120 kwa sekunde. Ukiichomeka kwenye televisheni inafika mpaka 4K. Ndani kuna prosesa ya Nvidia, yenye ile teknolojia ya kuchukua picha ndogo na kuikuza kwa hesabu za akili bandia, na kwa kweli ndiyo inayoibeba. Nimecheza Cyberpunk 2077 nikiwa nimejilaza kwenye kochi. Gemu ambayo mwaka 2020 iliisumbua PS4, mashine ya Sony, mpaka Sony wakaitoa dukani kwao, leo inatembea kwenye kitu unachokishika kwa mikono miwili. Waliotengeneza hii wamefanya kazi, na nawapa heshima yao.

Pedi za pembeni sasa zinashikwa kwa sumaku, na zinashika kweli. Ukiilaza pedi mezani inageuka kuwa mausi. Betri ndiyo udhaifu: Nintendo wenyewe wanasema kuanzia saa 2 hadi saa 6 na nusu, na kwenye gemu nzito tarajia ile namba ya chini. Kioo ni kikubwa na kina rangi, lakini vitu vikikimbia unaona picha inaacha ukungu. Na vijiti vya pedi bado havitumii ile teknolojia ya sumaku inayozuia kijiti kujivuta chenyewe, tatizo lililowatesa wenye Switch ya kwanza. Baada ya kelele zote zile, nilitegemea wangeanza kutibu hilo kabla ya jambo jingine lolote.

Kitu kimoja cha Kariakoo. Memori kadi yako ya zamani haitabeba gemu humu. Switch 2 inataka aina moja tu, microSD Express, na hiyo ni ghali. Usije ukauziwa kadi ya kawaida ukaambiwa "hii inaingia kila mahali." Itaingia, ndiyo, lakini gemu hazitakaa. Mashine ina GB 256 za ndani, na kwa ukubwa wa gemu za sasa, zinajaa haraka.

Sasa bei. Marekani ilitoka ikiwa dola 449.99. Kwa shilingi zetu za Tanzania hiyo inapita milioni moja kabla hujagusa usafiri na ushuru. Na hapa ndipo siasa inapoingia.

Aprili 2, 2025, Nintendo waliionyesha dunia mashine hii kwa kina. Siku ile ile, Rais Trump alisimama Washington kutangaza ushuru mpya kwa karibu kila nchi. Nintendo walikuwa wameshahamishia sehemu ya uzalishaji wao Vietnam ili kuukwepa ushuru wa bidhaa za China. Vietnam ikapigwa asilimia 46. Oda za awali Marekani zilikuwa zifunguliwe Aprili 9, wakazisogeza mpaka Aprili 24. Ushuru ule ulisitishwa baadaye ili nchi zijadiliane, na bei ya mashine ikabaki pale pale, ila vifaa vyake vikapanda. Mwezi Agosti wakapandisha na Switch ya zamani Marekani, mashine ya mwaka 2017! Mwezi huo huo Sony wakaongeza dola 50 kwenye PS5. Xbox Series X, mashine ya Microsoft, ilikuwa dola 499.99, Mei ikawa 599.99, Oktoba ikawa 649.99.

Mnaona kinachotokea? Miaka yote konsoli, yaani mashine ya gemu, ilikuwa inashuka bei kadiri inavyozeeka. Sasa inazeeka huku inapanda. Na ukiacha ushuru, mwishoni mwa 2025 bei za memori duniani zimepaa, kwa sababu kampuni za akili bandia zinazinunua kwa wingi kujaza vituo vyao vya data. Mtu anajenga ghala la mashine za kujibu maswali kule Marekani, na kijana wa Mbagala analipia kwenye PS5.

Kwetu sisi hili lina uzito kuliko kwa Mmarekani, na nataka nilikalie kidogo. Gemu zimefika mitaani kwetu kwa njia mbili: mashine zilizoshuka bei na diski zilizotumika. Nenda kibanda chochote cha gemu, Tandika, Mwanza, Kisumu, Bujumbura. Utakuta PS3 au PS4 iliyokuja baada ya wengine kuichoka, na diski ya mpira iliyopita mikono ya watu ambao hawatajuana kamwe. Diski moja, mtaa mzima unacheza. Mtoto analipa mechi moja, akifungwa anampisha mwenzake. Hao ndio wachezaji wetu wengi, na hawajawahi kuingia kwenye hesabu za kampuni yoyote. Mashine isiposhuka bei, kibanda hakipati mashine. Na gemu isipokuwa ndani ya diski, kibanda hakina cha kuwasha.

Ndiyo maana sasa nataka niwaonyeshe hii kadi.

Hii nyekundu hapa, ukiitazama haraka, ni kadi ya gemu kama zile nyingine. Nintendo wanaiita kadi ya ufunguo. Ndani yake gemu haimo. Unaichomeka, mashine inaona kwamba una haki ya kucheza, halafu inakwambia upakue gemu nzima kutoka kwenye seva zao, yaani kompyuta zao za mbali. Makumi ya GB. Ukishamaliza kupakua unaweza kucheza bila intaneti, lakini kadi lazima iwe imechomekwa kila unapocheza. Ni kama ile karatasi ya kutolea mzigo bandarini: unayo mkononi, lakini mzigo uko kwa mwenye ghala, na ghala likifungwa karatasi yako haina kazi.

Niwe wa haki. Kadi hii unaweza kumwazima rafiki au kuiuza, na hilo ni afadhali kuliko gemu iliyofungwa kwenye akaunti yako moja kwa moja. Lakini rafiki yako naye ataanza upya kupakua. Kwa mtu mwenye faiba nyumbani, huo ni usiku mmoja. Kwa mtu wa bando, gemu ameinunua mara mbili.

Na siyo kwamba haiwezekani kufanya vingine. Cyberpunk 2077 imewekwa nzima kwenye kadi ya GB 64. Mario Kart World iko nzima kwenye kadi yake. Donkey Kong Bananza pia. Wachapishaji wengine wamechagua ufunguo kwa sababu kadi kubwa ni ghali kwao, na gharama hiyo wameihamishia kwako. Ukifika dukani, angalia upande wa mbele wa boksi, chini. Ukiona alama ya ufunguo na maelezo ya kupakua, jua unachokinunua.

Kuna watu wataniambia seva zipo, wasiwasi wa nini. Mimi nina wasiwasi kwa sababu haya yameshatokea. The Crew ilikuwa gemu ya magari ya kampuni ya Ubisoft, imetoka Desemba 2014. Machi 31, 2024 wakazima seva. Hata ukitaka kuendesha gari peke yako, haiwaki. Mwenye diski amebaki na plastiki. Hapo ndipo Ross Scott, mtu wa video kama mimi, akaanzisha kampeni ya Stop Killing Games, yaani acheni kuua gemu. Hadai seva ziendeshwe milele. Anachodai ni kwamba kampuni ikiamua kuondoka, iache gemu katika hali ambayo aliyeinunua anaweza kuendelea kucheza. Julai 2025, ombi lao kwa Umoja wa Ulaya lilivuka saini milioni 1, na la Uingereza likajadiliwa bungeni kwao Novemba. California nayo, tangu Januari 1, 2025, ina sheria inayomlazimisha muuzaji wa bidhaa za kidijitali akwambie wazi kwamba unapewa leseni tu. Sisi hatuna mahali pa kutia saini kule Ulaya, lakini ushindi wao utatufikia, kwa sababu gemu ni zile zile.

Hata hivyo, ipo sehemu ya mjadala huu ambayo Wazungu hawaioni. Wao wanaogopa siku seva itakapozimwa. Sisi tunaweza kufungiwa seva ikiwa inawaka vizuri kabisa.

Mei 2024, Sony walisema wachezaji wa gemu yao ya Helldivers 2 kwenye kompyuta lazima waunganishe akaunti ya PlayStation. Mtandao huo wa PlayStation haupatikani rasmi kwenye sehemu kubwa ya Afrika. Ghafla gemu ikaondolewa kuuzwa katika nchi na maeneo zaidi ya 170. Wachezaji dunia nzima wakapiga kelele, na ndani ya siku chache Sony wakarudi nyuma kwenye sharti lile la akaunti. Vijana wengi hapa wanatumia akaunti walizoandika kwamba wanaishi Afrika Kusini au Uingereza, siyo kwa ujanja, ni kwa sababu nchi yao haimo kwenye orodha. Mtu analipa hela halali, na bado kwa karatasi za kampuni hayupo.

Halafu kuna sisi wenyewe. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa Tanzania nzima, na ikachukua siku kadhaa kurudi. Zile siku kuna familia zilipoteza watu wao, na gemu ni jambo dogo sana mbele ya hilo. Mlioguswa, nawapa pole tena. Nalitaja kwa sababu intaneti kuzimwa kwa amri si ajali ya mara moja kwenye ukanda huu. Uganda ilizimwa Januari 2021. Kongo ilizimwa mwishoni mwa 2018 baada ya uchaguzi, ikakaa wiki kadhaa. Serikali ikibonyeza swichi inazima biashara, inazima mawasiliano ya mgonjwa na ndugu zake, inazima masomo. Na kila kitu ulichonunua kinachohitaji seva ya mbali kinakufa siku hiyo. Mimi napinga kuzima intaneti, na nalisema hapa nikiwa na jina na sura yangu. Lakini pia nasema kampuni inayotengeneza gemu ya mtu mmoja, hadithi ya kucheza peke yako chumbani, halafu ikaifunga kwenye intaneti ya lazima, haijatufikiria hata kidogo.

Kabla ya hukumu, jambo moja la wapenzi wa mpira. Septemba 2025 ilitangazwa kwamba EA, kampuni yenye gemu ya mpira inayolisha vibanda vyetu, wananunuliwa kwa dola bilioni 55. Wanunuzi ni mfuko wa taifa wa Saudi Arabia, kampuni ya uwekezaji ya Silver Lake, na kampuni ya Jared Kushner, mkwe wa Trump. Dola bilioni 20 kati ya hizo ni mkopo. Mkopo hulipwa na mtu, na maoni yangu ni kwamba atakuwa yule kijana anayenunua pakiti za wachezaji kwenye Ultimate Team, ile sehemu ya gemu ya kujenga timu yako. Sijapenda.

Haya, tununue au tuache?

Kama una faiba nyumbani, unapenda gemu za Nintendo na hela ipo, nunua. Ni mashine nzuri ya kucheza na watoto, na Mario Kart ya watu wanne sebuleni haina mpinzani. Tafuta toleo la Uingereza, plagi yake inaingia kwenye soketi zetu bila adapta. Na ninyi mliozoea kuagiza magari Japan, msivutiwe na ile ya bei nafuu iliyotoka kwa yeni 49,980. Ile ina lugha ya Kijapani tu, na inataka akaunti ya Japan. Ya lugha nyingi kule ilitoka kwa yeni 69,980.

Kama unategemea bando, nunua kadi zenye gemu ndani peke yake, au subiri. Switch ya kwanza iliyotumika bado ni nzuri na kadi zake zimejaa.

Kama unafungua kibanda, usinunue hii. Chukua PS4 iliyotunzwa na diski zako za mpira.

Wenye vibanda, naomba mniandikie hapo chini: mnatumia mashine gani, diski mnazipata wapi, na ni gemu zipi zimewagomea kuwaka bila intaneti. Andika jina la gemu na mji uliko. Naandaa orodha ya gemu zinazocheza moja kwa moja kutoka kwenye diski, na kila moja nitaijaribu hapa mezani nikiwa nimechomoa ruta, mkiona.