xsltproc: --profile yake ndo imeniokoa, ila usiipe faili linalozidi ramu

Wadau mnaogeuza mafaili makubwa ya XML (data iliyowekewa alama za vitambulisho) kwenda HTML, naomba niisifie hii programu ya bure xsltproc, maana wengi wanaitumia kila siku na hawajui kama ina vipimo humo ndani. Mi nina faili la kamusi, vidahizo (maneno yanayofafanuliwa) kama elfu 40, ilikua nikishaiwasha naenda kunywa chai nikirudi bado inazunguka, dakika 25 nzima, nikaamini kabisa laptopu imechoka na nikaanza kuulizia bei ya nyingine.

Siku hiyo nikaongeza --timing kwenye komandi. Inakuambia kila hatua imekula milisekunde ngapi: kusoma stailishiti (faili la maelekezo ya namna ya kugeuza), kusoma faili, alafu kuiendesha hiyo stailishiti. Kusoma faili hata sekunde 4 hazikufika, kwahiyo laptopu haina kosa, muda wote unaishia kwenye stailishiti niliyoandika mwenyewe. Nikaweka --profile, na hapa ndo naipa nyota zote, inakutolea jedwali la templeti zako (vipande vya maelekezo ndani ya stailishiti), kila moja imeitwa mara ngapi na imekula muda kiasi gani, iliyokula zaidi inakaa juu kabisa. Ya juu kwangu ilikua ile ya "tazama pia", kila kidahizo kinamtafuta mwenzake kwa //neno[@id=current()/@rejea]. Zile slashi mbili zinaianzisha programu juu kabisa ya faili ipitie kila kitu upya, sasa vidahizo elfu 40 kila kimoja kikipitia elfu 40 ni bilioni 1.6, jamani ingeisha saa ngapi?

Nikaandika xsl:key mstari mmoja tu, pale kwenye templeti nikaita key('maneno', @rejea), faharasa inajengwa mara moja basi. Sekunde 20 kazi imeisha, laptopu ile ile!

Kingine kilichokua kinanila muda ni kuhesabu namba ya kidahizo kwa count(preceding-sibling::neno), yani cha elfu 30 kinahesabu wote waliomtangulia. position() inatosha kama unavipitia kwa mpangilio. Na kama faili lako juu lina DTD (kanuni za muundo wa faili) yenye anwani ya intaneti, xsltproc inaweza kwenda kuifuata kabla haijaanza kazi, ukiwa na bando la kusuasua utasubiri sana. Weka --novalid, ila kama unatumia entiti (vifupisho vya maandishi) zilizoandikwa kwenye hiyo DTD usifanye hivyo, zitapotea, bora uiweke DTD kwenye mashine yako na katalogi (faili la kuielekeza programu DTD ilipo).

Mapungufu yapo. Imebaki kwenye XSLT 1.0 (lugha ya kuandikia stailishiti) ya mwaka 1999, kupanga vitu kwa makundi ni kuhangaika na funguo wakati kwenye 2.0 kuna xsl:for-each-group. Pia inapakia faili zima kwenye ramu na huko linavimba mara kadhaa, ramu ikijaa mashine inaanza kuhamishia kwenye diski na hapo hakuna xsl:key itakayokusaidia. Saxon-HE nayo ni ya bure, inajua 3.0, na ina -TP inayokuandikia profaili kwenye ukurasa wa HTML, ila ile ya kusoma faili kidogo kidogo bila kulipakia lote iko kwenye Saxon-EE ya kulipia. Mi faili langu linaenea, nabaki na xsltproc.