Injini ya petroli kwa ndege kubwa za rimoti: ipi ununue, na ikigoma uanzie wapi

Watu wengi wakitaka kuhamia kwenye ndege kubwa za rimoti, zile za mabawa mita mbili kwenda juu, swali lao la kwanza ni injini ipi ina nguvu zaidi. Nguvu wala sio tatizo siku hizi, karibu kila injini inainyanyua ndege ya saizi yake bila shida. Cha kuangalia ni vitu vitatu: uzito uendane na ndege yako, sailensa (mzunguko wa chini bila resi) itulie bila kuzima, na spea zipatikane hata baada ya miaka. Injini ikizima angani mahali pabaya umepoteza ndege nzima, na servo (vimota vya kuongozea ndege), na risiva inayopokea mawimbi ya rimoti, na miezi ya kazi, kwa hiyo hapa nazipanga kwa kuaminika, sio kwa hosipawa.

Tuanze na saizi maana ndo inaamua kila kitu. Kwa makadirio ya kawaida injini yenye ujazo wa cc 20 inabeba ndege ya kilo 5 hadi 6 hivi, cc 30 mpaka 35 ni kilo 6 na nusu hadi 9, cc 50 mpaka 60 ni kilo 8 hadi 12, na cc 100 mpaka 120 unaenda kilo 12 hadi 18, inategemea unarusha kwa utulivu au unataka ndege isimame wima ikining'inia kwenye propela. Halafu ukisoma uzito kwenye tangazo angalia vizuri, mara nyingi ni wa injini tupu, hapo bado eksozi, boksi la CDI (kifaa cha umeme kinachopeleka cheche kwenye plagi), betri yake na zile nguzo za kuisogeza mbele ya ukuta wa ndege, unajikuta umeongeza gramu mia kadhaa puani.

Namba moja kwangu ni silinda moja ya cc 50 mpaka 60, hata kama ndo injini yako ya kwanza ya petroli, na najua wengi watashangaa kwa nini sianzi na ndogo. Sababu ni kabureta. Kwenye saizi hii kabureta ya Walbro ya kiwambo (utando mwembamba unaopima mafuta) inafanya kazi kwenye eneo lake zuri, skrubu ukizigeuza kidogo injini inajibu kidogo, haikurushi huku na huku, na ukishaitegesha inakaa hivyo muda mrefu. DLE-55 ya China ndo imezagaa kuliko zote, kiwanda kinaitaja kwa hosipawa 5.5 kwenye mizunguko 7,500 kwa dakika, inavaa propela ya 22x8 au 23x8 (namba ya kwanza ni urefu kwa inchi, ya pili ni mwinamo wa panga), na kwa sababu wanazo watu wengi ukikwama hukosi wa kumuuliza. Ukiona RA mwishoni mwa jina, kama DLE-55RA, maana yake eksozi inatokea nyuma badala ya pembeni, inasaidia kwenye boneti nyembamba. Ukiwa na bajeti kubwa kuna DA-60 ya Desert Aircraft wa Arizona, Marekani, utengenezaji wake umetulia sana na wanasifika kwa kuhudumia injini zao hata baada ya ndege kuanguka, na kuna GT60 ya OS wa Japani. Ukiweza kulipia DA lipia, sitakudanganya kwamba hakuna tofauti, lakini DLE iliyofungwa vizuri inaruka misimu mingi tu.

Namba mbili ni cc 30 mpaka 35, mfano DLE-30, DLE-35RA na GT33 ya OS. Hizi ni za mtu ambaye gari lake au chumba chake hakipokei ndege kubwa zaidi. Propela 18x8 mpaka 20x8. Zinatulia, ila zinatetemeka kiasi, kwa hiyo funga kila bolti na gundi ya nyuzi za bolti isilegee.

Namba tatu, twini, yaani za silinda mbili, za cc 100 mpaka 120: DA-100, DA-120, DLE-111, DLE-120. Pistoni mbili zinaelekeana, zinatoka na kurudi pamoja na plagi zinapiga pamoja, ndo maana twini inaenda laini kuliko silinda moja kubwa. Utamu wake ni mkubwa sana, mi nazipenda kupita kiasi, lakini nazishusha namba tatu kwa sababu propela ya 27x10 au 28x10 haina msamaha na ndege yenyewe inahitaji servo nzito, betri mbili na uwanja mrefu, haifai kuwa darasa la kwanza.

Namba nne ni za stroku nne, hasa familia ya FG ya Saito, kuanzia ndogo kama FG-14 mpaka zenye silinda tatu zilizopangwa duara kama FG-60R3. Kama unajenga mfano wa ndege ya zamani na unataka mlio wake hapa ndo kwenu. Lakini jua kwamba utapima valvu mara kwa mara, na Saito wanataka oili nyingi kwenye petroli, 20 kwa 1, maana hiyo oili ndo inalainisha kila kitu kule ndani, ukiweka mchanganyiko wa twini za stroku mbili unaua beringi.

Namba tano cc 20, kama DLE-20 na DLE-20RA. Sio injini mbaya, ila kabureta ndogo ni jeuri, skrubu ukiigusa kidogo tu tabia yote imebadilika, na anayeanza anakata tamaa mapema akidhani petroli ni ngumu.

Mwisho naweka injini za magneto za zamani kama Zenoah G-38 na G-62, pamoja na zile zilizobadilishwa kutoka mashine za kufyekea nyasi. Zenoah ni ngumu kufa na haihitaji betri ya kutoa cheche, sumaku iko kwenye flaiwili, lakini nzito. Ila ukiwa na ndege ya kivita yenye pua fupi, ambayo ungeishia kuiwekea madini ya risasi mbele ili ibalansi, basi huo uzito ni faida na mpangilio wangu wote unabadilika. Za kufyekea nyasi kanunue kama unapenda kuchonga chuma, kama unataka kuruka wikiendi achana nazo.

Usibane pesa kwenye vitu vya pembeni. Mpira wa mafuta uwe wa petroli, aina ya Tygon ya njano au unaofanana nao, silikoni ya injini za metanoli inavimba na kuoza ndani ya petroli. CDI iwe na betri yake, soma volti inayokubali kabla hujachomeka maana za zamani zinataka 4.8 mpaka 6 tu, na uweke swichi ya kukata moto wa plagi kwa rimoti ili injini izime, hii kwangu sio ya hiari. Risiva na servo zikae mbali na CDI, sentimita 30 hivi, na fimbo inayovuta resi isiwe ya chuma. Oili fuata kitabu cha injini yako: DLE wanasema 30 kwa 1, yaani mililita 33 kwa lita, wengine 40 au 50 kwa 1. Lita chache za mwanzo usiishikilie resi ya mwisho muda mrefu, acha ringi zikae, na utegemee kurudia kuseti baada ya hapo.

Sasa ikigoma. Kabla hujagusa chochote funga mkia wa ndege kwenye kitu kisichong'oka au mtu aishike, na ukimaliza kuwasha rekebisha skrubu ukiwa nyuma ya propela, kamwe usipitishe mkono juu yake. Propela ya inchi 22 haikati ngozi tu, inaondoka na vidole.

Anza na moto, yaani cheche ya plagi. Pima betri ya CDI ikiwa na mzigo, halafu toa plagi, ichomeke kwenye kofia yake, ishikize kwenye silinda na uzungushe propela, uone cheche. Usizungushe CDI ikiwa imewashwa bila plagi kwenye kofia, unaweza kuiunguza. Kama hakuna cheche na betri ni nzima, mshukiwa wa kwanza ni ile sensa ndogo inayosoma sumaku karibu na propela, waya wake unakatika ndani kwa mtetemo au plagi ya waya imeingia oili. Plagi nyingi za saizi hizi ni NGK CM-6 au mfano wake, nafasi yake karibu milimita 0.5. Servo zikianza kutikisika injini ikiwaka, kagua kofia ya plagi kama imekaa mpaka mwisho, mara nyingi ndo hapo.

Moto upo lakini haivuti mafuta? Hakikisha choki inafunga kabisa, maana ikibaki upenyo kidogo tu haivuti. Angalia mpira kama una ufa, na kile kizito cha mwisho wa mpira ndani ya tangi kama hakijakunjika kwenda mbele baada ya kutua kwa kishindo. Halafu fungua kifuniko cha pampu ya kabureta, ndani kuna kichujio cha wavu kidogo mno, uchafu unaishia hapo hata kama una filta nyingine nje. Injini iliyokaa muda mrefu na petroli yenye ethanoli viwambo vyake vinakakamaa, kiti ya kabureta (seti ya viwambo na gasketi mpya) ndo dawa, sio kuendelea kugeuza skrubu. Na kama umeifungua ukairudisha, tazama gasketi isizibe kale katundu kanakopitisha msukumo kutoka kwenye kranki, pampu inaishi kwa huo msukumo.

Ikiwaka, skrubu ya L ndo ya sailensa na katikati, H ni ya resi ya mwisho, na L unaiseti kwanza. Ukifungua resi ghafla ikazima kimya bila moshi, mafuta ni machache kwenye L, fungua kama moja ya nane ya mzunguko. Ikipanda kwa kugugumia na moshi, ni mengi, punguza. Resi ya mwisho ikianza vizuri halafu baada ya sekunde kadhaa inashuka yenyewe, H imebana, na hiyo ni hatari maana injini inapata joto bila oili ya kutosha. Geuza H mpaka mizunguko ifike kileleni kisha rudisha upande wa mafuta mengi mpaka upoteze mizunguko 200 hivi, halafu msaidizi ainyanyue ndege pua juu ikiwa resi yote, isidhoofike.

Kuna moja inawatesa watu sana: injini iko safi chini bila boneti, ukirusha inaanza kumisi. Kifuniko cha kiwambo cha kabureta kina tundu dogo linalosoma presha ya hewa, na ndani ya boneti presha hiyo inabadilika ndege ikiongeza mwendo, kwa hiyo mchanganyiko unahama wenyewe angani. Kamata kale katundu, kaunganishe na kamrija ka shaba na mpira unaoingia ndani ya mwili wa ndege ambako hewa imetulia, shida imekwisha. Na kama shida inakuja baada ya dakika kadhaa za kuruka ni joto: tundu la kutokea hewa kwenye boneti liwe mara mbili hadi tatu ya la kuingilia, na uweke vizuizi vinavyolazimisha hewa ipite katikati ya mapezi ya silinda badala ya pembeni.

Twini ikipoteza nguvu, iache kwenye sailensa kidogo kisha uizime na upime joto la kila silinda, iliyopoa ndo isiyopiga, hamisha plagi upande wa pili uone kama tatizo linahama nayo. Propela ikipiga kinyume na kukugonga mkono wakati wa kuwasha, kagua kama ile pete ya sensa imesogea, moto unapiga mapema mno.

Ukinunua iliyotumika, izungushe kwa mkono moto ukiwa umezimwa na sikiliza beringi, zisiwe na mkwaruzo, kisha fungua eksozi uchungulie pistoni kupitia tundu lake. Mikwaruzo ya wima pande za pistoni ni alama ya kukosa oili, rudisha. Uliza kama iliwahi kuanguka, halafu hata ukijibiwa hapana, funga propela na uzungushe polepole ukilinganisha ncha zote mbili na sehemu moja iliyosimama, ncha moja ikipita mbele ya nyingine, badilisha propela urudie, na kama bado basi shafti imepinda na hiyo injini usiichukue hata kwa bei ya kugawa.