Mistari miwili ya SPF: uzoefu wangu wa kupanga uhamisho wa barua pepe za ofisi kwa akili mnemba

"Ongeza rekodi hii ya TXT kwenye DNS yako." Maneno manane na tiki ya kijani pembeni. Hilo ndilo agizo nililopewa na akili mnemba ya kulipia (jina siliweki, hizi zote ni ndugu) ndani ya mpango wa kuhamisha vikasha 23 vya barua pepe kutoka hosti ya kawaida yenye cPanel (paneli ya kusimamia hosti) kwenda Google Workspace. Maneno hayo manane ndiyo yaliyozirudisha ankara za ofisi siku nzima, moja baada ya nyingine, mhasibu akiuliza kila nusu saa kama mtandao umerudi. Mtandao ulikuwa mzima. Kilichokufa ni SPF.

Kwa asiyeijua: SPF ni mstari wa maandishi (rekodi ya TXT) kwenye DNS, daftari la umma la domeni, unaotaja seva zilizoruhusiwa kutuma barua kwa jina la domeni yako. Mstari mmoja. RFC 7208, kiwango rasmi cha SPF cha mwaka 2014, haina mjadala hapo: domeni ikikutwa na mistari miwili inayoanza na v=spf1, mpokeaji hachagui wa kwanza wala hajumlishi, anatoa jibu la permerror (kosa la kudumu) na yote miwili inakuwa kazi bure. Domeni yetu ilikuwa na wake tayari, ule ambao cPanel huuandika yenyewe, pamoja na IP ya seva ya uhasibu iliyoongezwa zamani (namba nimebadilisha):

v=spf1 +a +mx +ip4:203.0.113.25 ~all

Akili mnemba ikasema ongeza huu:

v=spf1 include:_spf.google.com ~all

Ongeza. Haikusema angalia kwanza kama upo mwingine. Haikusema hariri. Ukurasa mzima wa tahadhari kuhusu "kuwashirikisha wadau mapema", halafu kwenye kitu pekee kinachoweza kusimamisha biashara, neno moja baya.

Na angalia jinsi kosa lenyewe linavyojificha. Barua za wafanyakazi ziliendelea kufika, kwa sababu Google huzitia saini yake ya DKIM (muhuri wa kidijitali unaothibitisha domeni iliyotuma) hata kabla hujaweka ya kwako. Kila uliyemuuliza alijibu "kwangu inatuma vizuri". Programu ya uhasibu ndiyo iliyoumia. Inatuma ankara kutoka seva yake yenyewe, haina saini ya DKIM, kwa hiyo ilikuwa inaishi kwa SPF peke yake. SPF ilipoanguka ikabaki haina kitambulisho chochote, na Gmail tangu Februari 2024 inamtaka kila mtumaji awe na angalau kimoja kati ya hivyo viwili. Jibu likawa 550-5.7.26 (barua imekataliwa) kwa kila mteja mwenye Gmail, na hapa kwetu ni mteja gani mdogo asiye na Gmail?

Mkono uliobandika ni wangu, hilo sikatai. Ila hasira yangu kubwa haiko hapo, iko kwenye kilichofuata. Nikairudia, nikaiambia kuna mistari miwili. Ikajibu: "Uko sahihi kabisa! Samahani kwa mkanganyiko. Hii hapa rekodi iliyounganishwa vizuri":

v=spf1 +a +mx +ip4:203.0.113.25 ~all include:_spf.google.com ~all

SPF husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, na all inalingana na kila kitu. Kilichoandikwa baada yake hakisomwi. Maana yake ankara zingepita, halafu barua zote zinazotoka Google zingedondokea kwenye ~all kama wageni wasiojulikana. Ilikuwa inaziba tundu la kushoto kwa kutoboa la kulia, na inaomba radhi kwa adabu kama mhudumu wa hoteli aliyekumwagia supu na sasa anakuletea nyingine, mbio.

Mara ya tatu ikatoa huu:

v=spf1 a ip4:203.0.113.25 include:_spf.google.com ~all

Huu ni sahihi. Na maelezo yake yalikuwa sahihi kupita nilivyotarajia: a imebaki kwa sababu tovuti iko hosti ya zamani na fomu yake ya mawasiliano inatuma barua, mx imeondolewa kwa sababu baada ya kuhama inaelekeza kwenye seva za Google za kupokea, si za kutuma, na inakula bure mojawapo ya maulizo 10 ya DNS ambayo SPF inaruhusu. Ikanikumbusha hata kwamba include (agizo la kusoma pia orodha ya domeni nyingine) zilizomo ndani ya include nyingine nazo zinahesabiwa. Hapo ndipo ninapotaka kurusha kompyuta dirishani. Kumbe ilikuwa inajua!

Basi nikaisoma upya prompti yangu ya kwanza, na hapa inabidi nilegeze kidogo. Nilikuwa nimeandika: "Nipangie hatua za kuhamisha barua pepe za kampuni ya watu 23 kutoka cPanel kwenda Google Workspace wikiendi moja bila kupoteza barua." Hakuna zoni, yaani orodha ya rekodi zote za DNS za domeni. Hakuna orodha ya vinavyotuma barua. Ilipangia kampuni isiyokuwepo, ambayo domeni yake ni tupu, na kwa kampuni hiyo agizo la "ongeza" lilikuwa sawa kabisa. Lakini fundi bomba wa mtaani haanzi kukata kabla hajauliza geti valvu iko wapi. Kuuliza ndiyo nusu ya ufundi, na hii haikuuliza swali hata moja.

Prompti iliyofanya kazi ni hii, na unaweza kuichukua kama ilivyo: "Hii hapa zoni yetu yote ya DNS ya leo, na hii hapa orodha ya kila kitu kinachotuma barua kwa domeni yetu: watu, tovuti, programu ya uhasibu, printa yenye skana. Kwa kila rekodi niambie inabaki, inahaririwa au inafutwa, na kwa nini. Usiandike neno ongeza kabla hujaangalia kama rekodi ya aina hiyo ipo. Kila hatua iwe na amri ya kuhakiki, jibu ninalotakiwa kuliona, na namna ya kurudi nyuma. Usichokijua, niulize kwanza."

Mabadiliko yalikuwa makubwa. Iliuliza maswali tisa. Iliona kwamba rekodi ya mail isiguswe mpaka mwisho, maana ndiyo njia ya kuifikia seva ya zamani wakati wa kunakili. Iliniambia kwanza nihakikishe kwa amri ya dig NS zoni inahudumiwa wapi hasa, kwa msajili wa domeni au kwenye hosti, maana watu huhariri paneli moja huku dunia inasoma nyingine. Ilitoa MX (rekodi inayoelekeza barua ziingie seva gani) ya siku hizi ya mstari mmoja, smtp.google.com kipaumbele 1, si ile mitano ya zamani ya ASPMX (bado inafanya kazi, ila mitano ni nafasi tano za kukosea herufi). Na kwenye DKIM ilionya kwamba ufunguo wa biti 2048 unazidi herufi 255 ambazo kipande kimoja cha TXT kinaruhusu, kwa hiyo paneli isiyogawa yenyewe inataka uugawe vipande viwili vyenye alama za kunukuu. Hilo limewakwamisha wengi. Nilikuwa tayari kutoa nyota nne.

Halafu likaja suala la muda.

Nilitaja kwamba kikasha cha mkurugenzi kina GB 11 na tutatumia imapsync, programu ya kunakili barua kutoka seva hadi seva kwa IMAP (njia ya kusoma barua zikiwa kwenye seva). Ikasema saa 2 hadi 4. Google inaweka kikomo cha MB 500 kwa siku kwa anayepakia kupitia IMAP. Piga hesabu mwenyewe: siku 22 na ushee. Nilipoiuliza kuhusu kikomo ikasema, ulishakisia, uko sahihi kabisa. Ndiyo hiyo wikiendi moja yetu! Njia ni mbili: tumia chombo cha kuhamisha data kilichomo ndani ya paneli ya msimamizi ya Workspace, au anza kunakili wiki kadhaa kabla ya kugusa MX, kisha urudie imapsync mara ya mwisho ukishahama. Haizalishi nakala mbili, inaleta zilizochelewa tu. Tanguliza --dry uone itafanya nini kabla haijafanya, na --automap ili INBOX.Sent ya cPanel iangukie kwenye barua zilizotumwa za Gmail, isijitengenezee lebo yake pembeni. Na ile hatua yake ya kuwasha "programu zisizo salama sana" upande wa Google, isahau. Mlango huo umeshafungwa. Utahitaji nywila ya programu yenye herufi 16, nayo haitoki mpaka uthibitishaji wa hatua mbili uwe umewashwa.

TTL (sekunde ambazo jibu la DNS huhifadhiwa) nayo iliiweka siku ileile ya kubadili MX. Ukishusha kutoka 14400 hadi 300 dakika moja kabla ya kubadili, seva zilizokwisha kuhifadhi jibu la zamani zitakaa nalo saa nne zilezile. Shusha siku moja kabla.

Wanaotumia POP (njia inayoshusha barua kwenye kompyuta na kuziondoa kwenye seva) haikuwataja kabisa. Barua zao ziko kwenye faili la PST la Outlook ndani ya kompyuta, seva haina kitu, na IMAP haiwezi kunakili kisichokuwepo. Anwani za simu na kalenda nazo hazisafiri kwa IMAP. Na kuna mahali iliniomba niipakie CSV (jedwali la maandishi) ya watumiaji "ili nikuangalizie kama imekaa vizuri". CSV hiyo ina nywila 23. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata bila sheria, mtu haachi ufunguo wa ghala kwa mpita njia. Ipe vichwa vya safu na mistari miwili ya uongo, inatosha.

Tangazo kwa wafanyakazi iliandika kwa Kiswahili cha kukata utepe: "Wapendwa wadau, tunayo furaha isiyo kifani kuwatangazia safari hii ya mageuzi." Watu walikuwa wanataka kujua Jumatatu wabonyeze wapi.

Kilichonirudisha kwenye hasira ya mwanzo ni kipengele cha Email Routing kwenye cPanel. Ukihamisha MX huku hicho kimebaki Local Mail Exchanger, seva ya hosti inaendelea kuamini barua za domeni ni zake. Mteja akijaza fomu kwenye tovuti, barua ya kwenda info@ haitoki nje hata kidogo, inashuka kwenye kikasha cha zamani ambacho hakuna mtu anayekifungua tena. Hakuna kosa linaloonekana, hakuna barua inayorudi, fomu inasema asante. Inatakiwa Remote Mail Exchanger. Mpango wa kwanza haukuwa nayo, na wa pili, ule mzuri wa maswali tisa, nao haukuwa nayo, wakati niliutajia tovuti na fomu yake kwa maneno. Nilipoitaja mimi, ikaniandikia aya tatu safi kuhusu kwa nini ni "hatua muhimu sana ambayo wengi huisahau". Wengi!

Nyota? Nilianza na moja. Kwa ile kazi ya kupitia zoni mstari kwa mstari ni nne, maana ingenichukua mchana mzima na ingenipita rekodi mbili tatu. Kwa mtu asiyejua permerror ni nini, aliyeambiwa ofisini "wewe mwenye kujua kompyuta, tuhamishie", ni sifuri, kwa sababu yeye hatajua pa kuipinga, nayo bila kupingwa haijisahihishi. Mimi nitaitumia tena mwezi ujao kupitia ripoti za DMARC (sera ya kuwaambia wapokeaji wafanye nini barua ikishindwa SPF na DKIM), ambayo kwa sasa iko p=none, yaani wasichukue hatua, na itabaki hapo mpaka programu ya uhasibu iwe na DKIM yake. Weka mbili na nusu. Hapana, weka mbili. Nimefungua mazungumzo mapya sasa hivi, nikaiuliza kwa prompti fupi ileile ya mwanzo, nione kama kuna ilichojifunza. Hatua ya 6: "Ongeza rekodi hii ya TXT." Na tiki yake ya kijani.