Bwawa la Nyumba ya Mungu: nyota nne, moja nimeibania

Kama unapita njia ya Moshi–Dar na una nusu siku, kata pale Mwanga ukalione bwawa la Nyumba ya Mungu. Wengi wanaenda kwa ajili ya perege wa kukaanga, na wakiwa wa asubuhi ni watamu kweli, ila mimi naongelea bwawa lenyewe maana watu wanasifia samaki utadhani wamejileta wenyewe.

Limejengwa miaka ya 60 na bado linapiga kazi. Maji yanaingia na Kikuletwa unaoshusha ya Meru na Kilimanjaro, na Ruvu (siyo ule wa Pwani jamani, huu unatokea upande wa Ziwa Jipe), yanakaa hapo halafu yanaachiwa kwa kipimo kwenda mto Pangani mpaka baharini. Kwa hiyo kiangazi kikikaza mkulima wa huko chini bado ana cha kufungulia mfereji, na umeme unatoka: megawati 8 hapo hapo bwawani, na kwenye vituo vya huko chini ya mto 21 Hale, 68 Pangani Falls mpya, maji ni yale yale aisee! Na siku hizi mradi wa Same–Mwanga–Korogwe nao unachota humo humo maji ya kunywa.

Sasa nyota niliyobania. Bwawa moja, mabosi kibao. Mwenye mitambo anataka maji yaachiwe, mvuvi anataka yabaki, na huko juu wakulima wa mpunga wa Lower Moshi wanayawahi mtoni hata hayajafika. Bodi ya Maji Bonde la Pangani ndio wanaotoa vibali vya kutumia maji, sawa, ila mvua ikigoma kibali utamwagilia nacho nini? Halafu bwawa ni pana na lile jua la Mwanga mnalijua, maji mengi yanapaa tu bila kumnufaisha mtu. Na kinamasi cha Kirua huko chini kilichokuwa kinanyweshwa na mafuriko ya mto kimenywea sana tangu bwawa lianze kuyashika, hilo hulisikii likisemwa. Samaki nao walishavuliwa mpaka serikali ikafunga uvuvi kwa muda ili wakue.

Ukienda beba kofia na maji ya kunywa, kivuli ni cha kutafuta. Samaki nunua mapema. Kuogelea hapana, mamba wapo.