Nilinunua "ramani na kibali", nikapewa ramani na X nyekundu

Nyota moja, na ni kwa vile hapa sifuri haiwekeki.

Siwataji jina kwa sasa hawa wachora ramani maana shemeji yangu anayejua mambo ya sheria kaniambia nitulie kwanza. Ila wako Instagram, wanapost nyumba zinazong'aa zina bwawa la kuogelea ambazo sijui ziko Dar ipi, na wameandika wenyewe kwamba wanachora ramani, wanapiga hesabu ya vifaa na kufuatilia vibali vyote vya ujenzi. Nikalipia paketi nzima.

Mradi wangu wala haukuwa wa kutisha. Nyumba ninayo tayari, nakaa humo na wanangu, kiwanja kimepimwa na hati ipo. Nilichotaka ni kutoa ule ukuta wa mbele unaotazama barabara nijenge frem mbili, moja nifungue saluni yangu niachane na kulipa kodi ya frem za watu, nyingine nipangishe. Basi. Sio ghorofa sio hoteli. Nikawaeleza hivyo hivyo, nikawatumia picha ya hati, na nikauliza kwa maandishi kabisa, frem zinahitaji kibali au hazihitaji? Yule wanayemwita injinia akajibu: "Hapana dada yangu, hiyo sio nyumba mpya ni ukarabati tu, kibali ni kwa maghorofa na majengo makubwa ya biashara 👍". Hicho kidole gumba bado kipo kwenye simu yangu mpaka leo na kila nikikiona presha inapanda.

Nikauliza tena, sasa kwenye paketi si mmesema na kibali? Akasema hela ya kibali itaingia kwenye "usimamizi". Usimamizi wenyewe alikuja saiti akiwa na miwani ya jua, akapiga picha tatu nne za kupost, akaondoka.

Fundi akaanza. Msingi ukaisha, tofali zikapanda, tukawa tunasuka nondo za lenta. Ilikuwa kabla ya zile mvua kubwa. Asubuhi niko kwa mteja nafunga rasta simu inaita, fundi anasema "Mama Junior, rudi nyumbani, wamekuja watu wa manispaa na mgambo." Nimefika wameshaondoka. Geti langu ambalo nimelipaka krimu juzi tu kwa ajili ya Idi limechorwa X nyekundu kubwa na chini yake SIMAMISHA UJENZI, LETE KIBALI, rangi yenyewe bado mbichi inachuruzika mpaka kwenye kokoto. Majirani wamesimama. Wengine wanasema pole, wengine wanapita taratibuuu ili wasome vizuri. Nyie mnaokaa Dar mnaijua ile X, hasa sisi tuliowaona wa Kimara mpaka Kiluvya mwaka 2017 walivyovunjiwa kando ya Morogoro Road. Najua ile ilikuwa kesi ya hifadhi ya barabara na sio hii ya kwangu, lakini moyo haujui kutofautisha X, moyo ukiona nyekundu unaona greda.

Sasa hapa ndipo penyewe. Nampigia injinia hapokei. Napiga tena hapokei. Natuma picha ya geti, tiki mbili za bluu, kimya. Jioni ananitumia voisi, kwa nyuma nasikia mpira na watu wanashangilia, anatafuna kitu, anasema, na nimeisikiliza hii voisi mara nyingi kuliko wimbo wowote mwaka huu: "Mama, mimi nimekuuzia ramani. Mambo ya kibali ni wewe na serikali yako. Mtu mzima unajenga frem barabarani hujui kama kuna kibali?" Halafu akacheka.

Akacheka jamani. Wakati nalipa nilikuwa "dada yangu", imepigwa X nimekuwa "mama". Na huyo ndiye aliyeniandikia kwa mkono wake kwamba hazihitaji. Sikujibu siku ile maana ningeandika vitu ambavyo Mungu asingenisamehe na Ramadhani ndo kwanza imeisha.

Kesho yake nikaenda manispaa nimeshajiandaa kugombana. Na hapa naomba niwe mkweli, nilikutana na dada mmoja wa mipango miji, mdogo kwangu kiumri, ana kikohozi na meza imejaa mafaili mpaka hana pa kuweka kiwiko, lakini alinikalisha. Hakunifokea. Akaomba hati, akaniuliza, "Mama, matumizi ya kiwanja chako hapa wameandika nini?" Makazi. "Saluni ni makazi?" Nikanyamaza.

Kumbe yale mambo ni mawili. Kwanza kile kiwanja ni cha kuishi, ukitaka kufanya biashara unaomba kubadilisha matumizi, iko kwenye Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, na hiyo ni mbali na kibali. Ndipo unaomba kibali cha ujenzi chenyewe kwa hizo frem. Nikamwambia lakini sio nyumba mpya, akasema ukiongeza jengo kwenye jengo, ukibadilisha muundo, ukivunja ili ujenge upya, hata ule uzio wa matofali watu wanaopandisha wikiendi, vyote hivyo manispaa wanatakiwa waone michoro kabla hujachimba. Kupaka rangi, kubadili vigae vya bafuni, kurudisha kioo kilichopasuka, hapo hakuna atakayekufuata. Kwa hiyo "ni kwa maghorofa tu" ni hadithi. Maghorofa yana mzigo wake wa ziada, michoro ya mihimili ya mhandisi, mkandarasi aliyesajiliwa CRB (bodi ya makandarasi), Zimamoto waangalie watu watatokea wapi moto ukiwaka, lakini haimaanishi sisi wadogo tumesamehewa. Na kusema "mtaani kwetu hakuna mwenye kibali" haisaidii, nililijaribu hilo, akacheka kidogo, cheko la kistaarabu sio kama la yule injinia. (Ila nami nilijisemea moyoni, kodi ya jengo mnaikata kwenye umeme wangu wa LUKU kila mwezi, nyumba mnaijua ilipo, mngenitumia hata meseji kabla ya kuniharibia geti. Geti nalidai bado.)

Hadi hapo nilikuwa nimeamua nibadilishe hii rivyu niwape nyota mbili, maana haki yao, ramani ni nzuri. Imekaa vizuri, madirisha yamepangwa hewa inapita, sinki za kuoshea nywele zimewekwa upande mmoja na choo cha wateja ili bomba lisizunguke. Mtu aliyechora anajua saluni.

Yule dada akaifungua mezani. Akachukua rula. Akauliza mchoraji ni nani, maana pale chini kwenye kona panapotakiwa jina na mhuri wamejaza logo yao tu na namba ya WhatsApp. Halafu akapima mbele. Kibaraza na ngazi, kile kibaraza nilichokipenda kuliko vyote, kimetoka nje ya bikoni zangu, yale mawe ya mpaka wa kiwanja, kimeingia kwenye hifadhi ya barabara ambayo ni ya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini. Yaani hata ningeomba kibali tangu mwanzo ramani hii ingerudishwa. Wamenichorea ngazi kwenye barabara ya serikali, kwa hela yangu, na rangi za kijani za maua pembeni.

Kwa hiyo ile nyota ya pili nimeirudisha mfukoni.

Na msiniambie ni kijana tu anatafuta riziki. Wote tuliona ile ghorofa ya Kariakoo ilivyoanguka Novemba 2024, watu wamefukiwa na wengine wanaongea na ndugu zao kwa simu wakiwa chini ya kifusi. Mtu anayeishi mji huu na kuchukua hela za watu kwa kazi ya ujenzi halafu anaongea kuhusu kibali kama ni mbwembwe za wenye pesa, mimi siwezi kumuonea huruma. Frem zangu zisingemuua mtu labda. Labda. Nondo zenyewe alizoandika injinia, fundi wangu alisema ni nyembamba akaongeza, hiyo nayo sijui niihesabu wapi.

Hali ilivyo sasa hivi: nimepata mchoraji mwingine, mzee mmoja aliyesajiliwa, ana mhuri na maneno machache, kibaraza amekirudisha ndani na saluni imekuwa ndogo kidogo. Kodi ya ardhi nimelipa hadi deni la nyuma, risiti zipo, maombi ya kubadili matumizi yameingia. Tofali zimefunikwa na turubai, simenti iliyobaki nimeuza kwa jirani kabla haijaganda. X bado ipo getini, nimekatazwa kuifuta.

Juzi injinia kanipigia mwenyewe, nimerudi kuwa dada yangu. Ati kuna mteja kamuonyesha nilichoandika kwenye ile post yao, anaomba nifute atanirudishia nusu. Nimemwambia alete yote na aniombe radhi kwa voisi ileile, bila mpira nyuma. Akileta naongeza nyota moja. Akileta nusu naweka jina.