Seti ya kuinua pikapu inchi 2, je inchi zimefika kweli? Tunapima kona zote nne

Habari zenu wadau, karibuni. Leo tuko na hii pikapu hapa nyuma yangu, imefungwa seti ya kuinua ya inchi 2, yaani koili mpya, zile springi za kuzunguka, na shokapu mpya mbele, nyuma springi mpya za majani, zile za vyuma bapa vilivyopangana, na shokapu zake. Boksi limeandikwa inchi 2, milimita 50 na kitu hivi, na swali langu leo ni moja tu, hizo 50 ziko wapi? Maana ukiitazama kwa macho gari limependeza, limesimama, lakini macho hayapimi, tepu ndo inapima, na nikiweka tepu hapa kuna vitu haviko sawa kabisa na nitawaonyesha kimoja kimoja na namna tulivyovimaliza.

Kwanza namna ya kupima, maana hapa ndo watu wengi wanapotea. Wengi wanachukua tepu wanaweka chini kwenye sakafu wanavuta mpaka ukingo wa fenda, wanasema nimepata inchi 2 na nusu. Hapana jamani. Ukipima kutoka chini unapima springi pamoja na tairi pamoja na upepo wa tairi, vyote kwa mpigo. Chukua mfano ulikuwa na tairi 265/65R17 ukaweka 265/70R17, hiyo tairi mpya ni kubwa kwa kama milimita 26 kwa kipenyo, na kwa kuwa ekseli iko katikati gari linapanda nusu yake, 13 hivi. Hizo 13 springi haijakupa, umepewa na tairi, lakini wewe utaenda kumsifia aliyekuuzia springi. Kwa hiyo unapima kutoka katikati ya habu, hapa katikati kabisa ya rimu, unapanda wima mpaka ukingo wa fenda hapa juu. Tairi ikiwa kubwa ikiwa ndogo, hata ikiwa na pancha, hiki kipimo hakibabaiki.

Angalieni nilivyobandika selotepu kwenye fenda, nimechora mstari kwa kalamu juu ya habu kabisa, ili kila nikirudi kupima napima sehemu ileile, maana fenda ni mviringo, ukisogea vidole viwili mbele au nyuma namba inabadilika na utaanza kutafuta ugonjwa ambao haupo. Sehemu iwe tambarare, usukani umenyooka, mafuta kwenye tanki yawe kiasi kilekile cha kabla na baada, mzigo hakuna, mtu ndani hakuna. Alafu gari likitoka kwenye jeki USIPIME hapohapo. Mbele tairi zikining'inia zinaingia ndani kidogo na ukizishusha zinagoma kufunguka zimekamata sakafu, gari linabaki limesimama juu kwa uongo. Liendeshe mbele na nyuma mita kadhaa, litikise bampa ya mbele na ya nyuma, liache litulie lenyewe, ndo uweke tepu.

Na kipimo cha kabla ni lazima. Mtu ananiambia gari langu lina milimita 540 mbele, sawa, lakini lilikuwa na ngapi? Springi za zamani zilizochoka zinaweza kuwa zimeshuka sana, kwa hiyo ukiweka mpya utaona gari limepanda kuliko boksi linavyosema na boksi halijadanganya, limehesabu kutoka kimo cha gari jipya. Hilo muwe nalo kichwani.

Haya namba zetu. Kabla, mbele upande wa dereva 486, upande wa abiria 492, hizo ni milimita. Nyuma 521 na 523. Mnaona hata kabla ya kugusa chochote gari lilikuwa limelala upande wa dereva milimita 6, ni kawaida kwa pikapu nyingi, uzito wa vitu haujagawanywa sawa kushoto na kulia. Baada ya kufungwa, mbele dereva 533, abiria 545. Nyuma 594 na 595.

Sasa piga hesabu. Mbele dereva imepanda 47, abiria 53, wastani wake 50, kwa hiyo ukijumlisha inchi 2 zipo, ila ule ulalo wa 6 umekuwa 12 na hapo hata jicho linauona ukisimama mbele ya gari. Nyuma ndo kichekesho chenyewe, imepanda 73 na 72, hiyo ni karibu inchi 3, kitako kimeinuka, pua inaangalia chini na taa nazo zinamulika karibu. Mtu mwingine hapa angefurahi, kanunua mbili kapata tatu, lakini mimi hiyo namba ilinitia wasiwasi kuliko zote maana springi haitoi zawadi, ikizidi hivyo kuna kitu kimeishika.

Tulianza na nyuma. Nikaingia chini na tochi, senta bolti, zile zinazoshika majani ya springi katikati, zimekaa kwenye tundu zake vizuri, yubolti, zile za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, ni mpya, hakuna pande la chuma lililochomekwa katikati ya ekseli na springi. Tatizo likawa kwenye bushi, zile raba zinazokaa ndani ya macho ya springi, yaani matundu ya ncha zake. Aliyefunga alikaza bolti za macho ya springi wakati ekseli inaning'inia kwenye jeki. Sikilizeni hapa maana hili ndo linawasumbua watu wengi na hawalijui. Bushi ya raba ikikazwa, kile kichuma cha ndani kinabanwa hakizunguki tena, kinachocheza ni raba yenyewe inajisokota. Ukiikaza gari likiwa juu, raba inajua kwamba kimo chake cha mapumziko ni kile cha kuning'inia, ukishusha gari chini inasokoteka na muda wote inasukuma kurudi juu. Kwa hiyo unakuwa na springi inasukuma na bushi nazo zinasukuma. Gari linakaa juu, linakuwa gumu kama mkokoteni, na baada ya muda raba inachanika, gari linashuka lenyewe na kelele zinaanza. Ukiweka springi za majani zenye bushi za raba, bolti za macho ya mbele na zile za vyuma viwili vinavyoning'iniza ncha ya nyuma unazishika tu kwa mkono, unashusha gari kwenye matairi yake, unalitikisa, ndo unakaza kwa kipimo cha kitabu cha gari. Wishiboni za mbele, ile mikono inayoshika tairi, vilevile, sheria ni hiyohiyo.

Tukalegeza zote, gari liko chini kwenye matairi yake, na nilikuwa nimeshika tepu kwenye fenda wakati bolti ya mwisho inaachia, ilitoa mlio wa tak, na nikaona ukingo wa fenda unashuka kwenye tepu mbele ya macho yangu. Tukatikisa, tukalisogeza mbele nyuma, tukapima, 575 na 576. Yaani imepanda 54 na 53, na hapo ndo nikaanza kuiheshimu hii seti, maana hizo milimita tatu nne za ziada ni za springi mpya na zitapungua, springi mpya huwa inatulia ikishatembea na kubeba.

Mbele sasa. Gari likilala upande usikimbilie koili, jiulize kwanza ulalo unatoka mbele au nyuma, maana chesisi ni moja, kona moja ya nyuma ikisukuma juu inaweza kuangusha kona ya mbele ya upande wa pili ukaishia kubadilisha kitu kizima. Dawa yake rahisi sana, zuia tairi za mbele zisitembee, weka jeki chini ya difu ya nyuma katikati kabisa, inua mpaka tairi za nyuma zimeachana kidogo na sakafu, na mtu asiingie chini hata kidogo maana hapo gari limesimama kwenye nukta moja. Ekseli ya nyuma ikiwa kwenye nukta moja haiwezi tena kulilaza gari upande wowote, kwa hiyo ulalo ukibaki ni wa mbele, ukiondoka ni wa nyuma. Kwetu ulibaki uleule. Ni wa mbele.

Tukashusha, tukafungua linki za stabilaiza, kile chuma kinachounganisha kushoto na kulia gari lisilale kwenye kona, pande zote mbili, maana ikifungwa imejisokota nayo inavuta upande mmoja chini. Tukatikisa tukapima, tofauti ilikuwa milimita moja hivi, si yeye. Ndo tukaenda kwenye koili, na ukifuta vumbi kwenye koili za hii seti utaona alama, hazifanani, moja ni ndefu kidogo na imeandikwa upande wa dereva, wametengeneza hivyo makusudi kuua ule ulalo wa kiwandani. Kwetu hapa zilikuwa zimebadilishana, ile ndefu iko kwa abiria. Ndo maana 6 imekuwa 12. Tukazihamisha, tukahakikisha ncha ya koili imekaa kwenye kile kidato chake pale kwenye sahani ya shokapu, ikipanda juu ya kidato nayo ni milimita za uongo, na namba ikaja 539 dereva, 539 abiria. Hebu sogeza kamera hapa waone tepu. 539. Nilifurahi sana, sitaficha.

Kwa wale mnaotumia spesa, yaani kipande cha kuongeza urefu juu ya shokapu, badala ya koili mpya, msishangae mkiweka spesa ya milimita 25 gari likapanda karibu 50, shokapu imefungwa katikati ya wishiboni sio kwenye tairi, kwa hiyo tairi linatembea zaidi ya shokapu, uwiano unategemea gari. Na wale wa tosheni baa, kile chuma kirefu kinachojisokota kikifanya kazi ya springi, ukikaza bolti za nyuma gari linapanda lakini tairi inabakiwa na nafasi ndogo ya kushuka, wishiboni ya juu inaanza kugonga raba ya kuzuia na gari linaruka kwenye kila tuta. Sipendi, nasema wazi.

Kuna kitu hakionekani kwenye tepu na kinaweza kuumiza mtu. Pikapu nyingi zina vali ya breki za nyuma inayopima mzigo, ina mkono mwembamba umeunganishwa na ekseli. Ukiinua kitako vali inadhani gari halina kitu hata ukiwa umebeba, inapunguza breki za nyuma. Kile kibano chake lazima kisogezwe kulingana na kimo kipya, na kwenye boksi hili kipande hicho hakikuwepo wala karatasi ya maelekezo haikukitaja, hapo nawakata maksi na sirudi nyuma. Hozi za breki mbele zilifika vizuri hata usukani ukikatwa mwisho na tairi ikining'inia, sivii jointi, vile viungo vya shafti zinazozungusha tairi za mbele, pembe yake bado ni ya kuvumilika, ila ukizidi inchi 2 kwenda juu andaa pesa ya wishiboni za juu. Alaimenti, yaani kunyoosha matairi, si ya hiari, siku hiyohiyo, na taa zirekebishwe baada ya kimo kutulia sio kabla. Yubolti zikazwe tena baada ya kilomita mia chache.

Kwa hiyo mbele hii seti naipa alama nzuri kabisa, koili zimepimwa vizuri na ile ndefu ya upande wa dereva inaonyesha kuna mtu alikaa chini akafikiri. Nyuma springi zake ni za gari linalobeba muda mwingi, tupu inarusha kidogo kwenye barabara mbovu, kama gari lako linatembea tupu siku nyingi ulizia springi za uzito wa chini wa aina hiyohiyo kabla hujalipa.