TAHADHARI: Kuna "fundi" wa kurudisha data zilizofutwa kwenye databesi, msimpe paswedi

Wadau wenye biashara zinazoendeshwa na mfumo, iwe mauzo, stoo, kliniki, chochote chenye databesi nyuma yake, someni hii. Kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu anajitangaza anarudisha rekodi zilizofutwa hata kama huna bakapu. Mimi niliitwa kumsaidia mteja wake baada ya yeye kupita, na nilichokikuta pale si fundi aliyeshindwa kazi, ni tapeli kabisa.

Ilikuwa hivi. Mfanyakazi alitaka kufuta oda moja ya majaribio akaandika DELETE (amri ya kufuta rekodi) bila WHERE (sehemu inayotaja rekodi zipi zifutwe), jedwali zima la oda likaenda. Mfa maji haachi kutapatapa, mwenye biashara akaingia mtandaoni kutafuta msaada akakutana na huyu. Akaambiwa lipa nusu, nipe AnyDesk (programu ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali) na paswedi ya root (akaunti kuu yenye ruhusa zote), mfumo uache uendelee kuuza kama kawaida. Sasa hapo tu mtu anayejua kazi angeshtuka, maana kwenye MySQL, programu ya databesi iliyokuwa inatumika pale, rekodi ukiifuta haifutiki papo hapo, inawekewa alama kwanza, baadaye nafasi yake inaachiwa rekodi mpya zikae, kwa hiyo kila oda mpya inayoingia inaweza kukalia ile ya zamani. Na si hilo tu, jamaa akapiga OPTIMIZE TABLE eti "anasafisha jedwali". Hiyo amri inajenga jedwali upya kwa rekodi zilizo hai peke yake, mabaki yote ya zamani yanabaki nje. Yaani alichokuwa anadai anakitafuta ndicho alichokimaliza kwa mkono wake.

Kisha akatuma faili, "data zako hizi hapa, malizia hela". Mwenye biashara nusura alipe kwa sababu majina ya wateja yalikuwa ya kweli. Kumbe majina kayatoa kwenye jedwali la wateja ambalo halikuguswa kabisa, oda zenyewe kazitunga! Angalieni namba za oda: zilikwenda 1, 2, 3, 4 mpaka mwisho bila kuruka hata moja. Mfumo unaofanya kazi kweli mara chache unakuwa hivyo, muamala ukikwama katikati namba yake kwa kawaida inapotea na hairudi tena, mara nyingi utaona mapengo. Na oda kibao zilikuwa na saa ile ile mpaka sekunde. Mtu gani anauza hivyo jamani.

Kinachouma zaidi, data halisi zilikuwepo muda wote humo humo kwenye seva, ila si ndani ya jedwali, ni kwenye binlogi, yaani faili za kumbukumbu ya kila badiliko linalofanyika kwenye databesi. MySQL kuanzia toleo la 8.0 inaandika binlogi yenyewe bila wewe kuiwasha, na kama hujabadilisha kitu inazitunza siku 30. Kwa mpangilio wake wa kawaida ukifuta rekodi, binlogi inaandika yaliyokuwemo ndani ya hiyo rekodi, safu kwa safu. Tulikopi zile faili pembeni kwanza, tukazifungua kwa mysqlbinlog, programu ya kuzisomea, oda zote zikaonekana chini ya DELETE, tukazigeuza kuwa INSERT (amri ya kuingiza rekodi), tukazijaribu kwenye kompyuta nyingine kabla ya kuzirudisha kwenye mfumo. Hakuna uchawi wowote. Ila ingekuwa TRUNCATE (kumwaga jedwali zima) au DROP (kuliondoa jedwali lenyewe) hadithi ingekuwa nyingine, hapo logi inaandika amri tu, yaliyomo hayapo, inabidi uwe na bakapu ya zamani halafu uichezeshe logi juu yake mpaka sekunde chache kabla ya ajali. Na faili ikishafutwa kwenye SSD (diski za kisasa) ambayo TRIM imewashwa, yaani diski inaambiwa isafishe nafasi ya faili zilizofutwa, mara nyingi ndiyo imetoka hiyo.

Ndiyo maana anayekuahidi asilimia 100 kabla hajaangalia kitu ni muongo. Fundi wa kweli atakuchosha kwa maswali kwanza: databesi gani, toleo gani, ilikuwa DELETE au DROP, logi zipo, diski ya aina gani, na atakwambia simamisha mfumo usiandike kitu, kisha anafanyia kazi nakala, hagusi ile yenyewe. Mpe mtihani, mwambie akuletee oda moja ambayo risiti yake unayo mkononi na yeye hajaiona.

Na msidhani ni huku kwenye magrupu tu. Mwaka 2019 ProPublica, chombo cha habari za uchunguzi cha Marekani, walifichua kampuni za Marekani zilizokuwa zinawaambia wateja zinafungua kwa teknolojia yao data zilizofungwa na wahalifu wanaodai pesa, kumbe mara nyingi zinawalipa wale wale wahalifu kimya kimya halafu zinaongeza chao juu.

Kuhusu kujikinga nitasema kwa kifupi, hawa wanaishi kwa watu wasio na bakapu. Seva ya pili inayofuatisha ya kwanza si bakapu, DELETE inafika na kule ndani ya sekunde. Nakala ikae sehemu nyingine yenye paswedi nyingine, na muwe mnairudisha kwa majaribio, maana GitLab, kampuni ya kuhifadhi kodi za programu, Januari 2017 walifuta databesi yao kwa bahati mbaya, kwenda kwenye bakapu za kila siku wakakuta hamna kitu, zilikuwa zinafeli bila mtu kujua, wakaokolewa na nakala moja iliyokuwa imechukuliwa saa 6 hivi kabla. Halafu akaunti inayotumiwa na mfumo msiipe ruhusa ya DROP, na anayeingia kwenye databesi kuandika amri kwa mkono awashe safe-updates, kinga iliyomo kwenye MySQL, DELETE isiyo na WHERE itagoma.

Kama ulishampa huyu jamaa njia ya kuingia, kubadilisha paswedi ya root haitoshi. Kwenye ile seva tulikuta ametengeneza mtumiaji mwingine mwenye ruhusa zote, kampa jina linalofanana na la bakapu ili asishtukiwe, na AnyDesk kaiwekea paswedi ya kuingia bila kuulizwa. Kagueni orodha ya watumiaji wote, ondoeni AnyDesk kabisa, na wateja wenu waambieni namba zao anazo mtu mwingine.

Akaunti ya kwanza kaifuta baada ya kubanwa, sasa hivi karudi na jina jipya na picha mpya, ila tangazo hajabadilisha hata neno: "rejesho la uhakika, hata kama seva imeungua".